Mlango wa Chuma wa Papa Mukubwa

Jumamosi, mwezi wa Aprili. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikakatika ghafla. Ziwa limetulia, halina hata kikunjo.

Mwanangu Riziki, leo umeniuliza milango ya kukunja ya barazani kwako Mururu uitengeneze kwa fremu ya mbao, ya chuma ao ya alumini. Fundi anakuja Jumatatu, na nyuma ya milango hiyo ndiko batoto watalala. Mimi si fundi, na shule yangu ilikuwa fupi. Nitakuambia nilichoona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Kuna siku moja haijanitoka kichwani. Nilikuwa kijana, tukikaa Bukavu kwa Papa Mukubwa, kaka ya baba yangu. Milango yake ya kukunja ilikuwa ya chuma kitupu, fremu imeshikwa na saruji pande zote, kwa sababu ya wezi. Haki yake niseme: mwizi hakuingia hata mara moja.

Mchana ule hapakuwa na upepo. Milango ikaanza kunguruma yenyewe, polepole, kama muntu anayeimba mdomo umefungwa. Koko Sifa, mama yake Papa Mukubwa, aliacha mchele aliokuwa anachagua, akasimama.

"Mutoke inje. Bote."

Tulipofika uani, ardhi ikatikisika. Ukuta ukapasuka juu ya mlango, chuma kikajipinda. Kisha kimya, hata mbwa walinyamaza. Ndipo tukasikia kugonga kutoka ndani. Ngo. Ngo. Ngo. Chini kabisa, kimo cha mtoto.

Papa Mukubwa akashika nyundo. "Ni mama! Amebaki ndani!"

"Mama yako niko hapa," Koko alisema nyuma yake. "Utuhesabu kwanza."

Akatuhesabu. Tulikuwepo wote. Kugonga kukaendelea.

"Sasa ule ni nani?"

"Sijue. Lakini wa kwetu hapana. Ukienda kumufungulia, nani atakufungulia wewe?"

Akashusha nyundo. Hatukukaa sana, ardhi ikatikisika tena na paa likashuka lote. Kugonga kukakoma.

Huenda kilikuwa chuma kilichobanwa, kikijinyoosha. Mafundi wameniambia hivyo, nami nawaamini mchana.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mbao ni nzuri na haingurumi, lakini mvua za huku huivimbisha ikakwama, isipokuwa imekaushwa vizuri. Chuma kina nguvu, ila kinashika kutu, na kikijipinda hakirudi. Mimi ningechukua alumini: ni nyepesi, hata kama inabonyea haraka. Pengine nakosea. Lakini yoyote utakayochagua, mwambie fundi aache nafasi juu ya fremu, nyumba ikishuka isiikandamize. Ubawa mmoja wa mlango ufunguke peke yake, kwa mkono wa mtoto, kutoka ndani. Na siku ya hatari, hesabu watu wako kabla ya kurudi kufungua.

Mungu aitulize ardhi chini ya nyumba yako, na kila atakayegonga kwako awe muntu unayemjua.

Jioni tumekula ugali wa muhogo, samaki wadogo wa sambaza na mboga ya lengalenga. Katikati ya chakula kitu kiligonga mlango wa nyuma, chini. Mama yako akatuhesabu kwa macho, mimi na mdogo wako, kisha akaniongezea sambaza.