Shubiri ya Mama na Madoa ya Tetekuwanga

Enzi zetu pale Kyebando, mtoto akitoka madoa usoni hakupelekwa popote. Alikalishwa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, na akina mama wote waliopanga pale wakaanza kutoa hukumu. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Dawa ilichumwa, ikakatwa, ikapondwa, na mgonjwa hakuulizwa maoni.

Madoa yangu yaliletwa na tetekuwanga nilipokuwa darasa la nne. Ugonjwa wenyewe ulipita upesi, lakini kucha zangu hazikuwa zikisikia la mtu, na kila kipele nilichokikuna kiliacha alama nyeusi. Shuleni wakaniita Kanga, yule ndege wa madoadoa. Nililia nikitoka shule, nikalia nikienda.

Mama alikuwa amekuja huku kwa Waganda na baba kutoka Busia, upande wa Kenya, kutafuta riziki. Aliuza mboga soko la Nakasero. Alitoka tukiwa bado tumelala, akarudi jioni na miguu imevimba. Watoto tulikuwa sita na mimi ni wa nne. Akitaka kuniita alipitia kwanza majina ya wenzangu watatu, na mara nyingine akakata tamaa akasema tu, "Wewe hapo!" Mkubwa ana kazi za kutumwa, mdogo ana mgongo wa kubebwa, sisi wa katikati tulijilea wenyewe.

Jioni moja akarudi na jani nene la mshubiri. Alilikata, akalisimamisha kwenye kikombe ule utomvu wa njano utoke kwanza, maana ndio unaowasha, kisha akakwangua ute kwa kijiko. Akanivuta katikati ya magoti yake. Mikono ilinuka vitunguu. Akaanza kwenye paji la uso, doa moja baada ya jingine, na nilipojinyonganyonga akanibana kidevu.

"Tulia wewe. Ngozi si ukuta, ati unapaka leo na kesho imekauka."

Majirani nao hawakukaa kimya. Mama Furaha, Mkongo wa mlango wa pili aliyeuza vitenge, alisema, "Dada, umupakale papayi ya kuiva, iko muzuri sana." Mwenye nyumba wetu, Mganda aliyezaa mapacha na hivyo kuitwa Nnalongo na kila mtu, akaja na mumbwa, ule udongo uliofinyangwa na majani ya dawa. "Wewe nasumbuka bure. Hii mtoto lete kwangu, mimi napaka yeye." Mama hakutaka kuvunja ujirani, akakubali vyote kwa zamu. Siku hii shubiri, siku ile papai lililopondwa, Jumamosi udongo, ukikauka siwezi hata kucheka. Kwenda dukani tu, nilivalishwa kofia ya baba, kwa sababu mama alisema jua ndilo linaloyapika madoa. Lakini mpakaji alikuwa yeye kila jioni, hata awe amechoka vipi, na katika dakika zile aliniuliza habari za shule na akangoja jibu. Sikuwahi kuwa na mama peke yangu namna ile.

Kisha shangazi yangu, dada ya baba, akatangaza harusi. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kushika maua. Zikiwa zimebaki wiki mbili akaja, akanitazama, akamgeukia mama. "Wifi, huyu tutamweka kwa picha aje?"

Haraka ikanishika. Kesho yake mama akiwa sokoni nilichukua limau jikoni, nikalikata, nikajisugua uso mzima, nikakaa juani kusudi. Nilikuwa nimemwona mama akitoa madoa ya shuka nyeupe hivyohivyo. Kufikia jioni uso uliwaka kama umepakwa pilipili, na baada ya siku chache madoa yakawa meusi kuliko mwanzo.

Mama hakunichapa. Alinikanda kwa kitambaa na maji baridi, na mimi nikatamani anichape yaishe. Jumapili shangazi alipokuja, mama alimwambia huku akichambua mchele, "Atashika maua na madoa yake. Kama humtaki, basi na pilau yako utajipikia." Nilishika maua.

Miezi ikaenda na shubiri yetu ya jioni. Madoa yakawa kahawia, yakafifia, mpaka jioni moja mama akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akatabasamu. "Yameisha. Nenda kacheze." Akafuta mikono kwenye leso, akamwita mdogo wangu aliyekuwa na funza kidoleni.

Nilienda, lakini sikucheza. Wiki ile nilikuna kila mahali aliponiuma mbu, nikitafuta doa jipya. Mama akaniona, akaniambia nikome, ana sufuria motoni.

Leo binti yangu, mwanachuo, ana rafu nzima ya chupa ambazo majina yake yanahitaji tafsiri. Akitoka kipele kimoja nyumba nzima iko matangani. Akijipiga picha, simu inamfuta madoa, ikizidisha juhudi inamfuta na pua. Namcheka, naye ananicheka na kopo langu la mshubiri dirishani. Nikimwambia huchukua miezi, anashika kichwa. "Mama, miezi? Mimi nina sherehe Ijumaa!"

Simlaumu. Nasi tulilalamika kwamba dawa zetu zilikuwa za polepole mno. Leo ni za haraka, na kila mtu anajipaka peke yake, mlango wa bafu umefungwa. Mama amekwisha kufariki. Mashavu yangu sasa yana madoa tele, haya ya umri, na shubiri ninayo. Wa kunibana kidevu ndiye sina.