Njegere za Katarina

Mwaka ule baridi haikufika mlimani. Julai ilifika katikati, na Katarina bado alikuwa akilala dirisha wazi. Asubuhi hakukuwa na ukungu wala umande, na mbu, ambao watu wa milima ya juu ya Kisanga waliwajua kama kero ya watu wa bondeni, sasa walimpigia kelele sikioni usiku kucha. Miembe ilichanua kabla ya wakati wake. Watoto walifurahia kuoga mtoni kila jioni, lakini Katarina hakuona cha kufurahia. Alikuwa amepanda njegere, na njegere zikikosa baridi hupukutisha maua.

Na kweli yalipukutika. Alikuwa akiyatazama yalivyotapakaa chini, meupe, shemeji yake Urbanus alipotokea na jembe begani. Tangu kaka yake, mume wa Katarina, azikwe, Urbanus alikuwa amelitolea macho shamba lile.

"Shemeji, zing'oe hizi. Tupande mihogo, nitasimamia mwenyewe."

"Usimamie nini?"

"Shamba la kaka."

"Kaka yako alifyeka upande ule, mimi nikafyeka huu. Wewe hukuwepo."

Urbanus alikuna kidevu. "Baridi haiji, Katarina. Utashindana na jua?"

"Sijui. Ila sizing'oi."

Kuanzia siku hiyo alikata nyasi na majani ya migomba, akayatandaza katikati ya mistari ili udongo usiungue. Alfajiri alipanda na ndoo kutoka kijitoni, akimwagilia mashinani, mpaka shingo ikakakamaa. Editha, mwimbaji mwenzake wa kwaya, alipita akasimama.

"Mwenzangu, shamba unalifunika shuka?"

"Lina homa."

Editha alicheka, akaenda zake. Kesho yake alirudi na mzigo wa nyasi kichwani, akautua, wakaanza kutandaza pamoja.

Tuta la chini lilikufa lote. Katarina alikaa palepale akalia, kisha akaokota ndoo. Matuta ya juu, yaliyopata kivuli cha mlima mchana, yalitoa maua mapya, na safari hii yalishika.

Mwishoni mwa Agosti, Urbanus alikuja tena na jembe lake begani, akiwa na wazee wawili wa ukoo. Walimkuta akichuma.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa habari ya shamba."

"Nawasikiliza." Hakuleta viti, wala mikono haikuacha kuchuma.

"Mavuno yenyewe si mengi," Urbanus aliwaambia wazee.

"Si mengi," Katarina alisema. "Lakini ni yangu."

"Na mwakani baridi isipokuja tena?"

"Nitawahi kufunika."

Mzee mmoja alipasua ganda, akatafuna njegere mbichi taratibu, huku akitazama majani ya migomba yaliyotandazwa tuta zima. Akamgeukia Urbanus.

"Jembe lako lipeleke kwenye shamba lako," alisema. "Twende."

Katarina aliwaaga kwa heshima, akahamia mstari unaofuata.