Mchezo Tuliokopeshwa na Mbuke

Harufu ya pamba iliyoshiba jua hunirudishia watu wanne: mimi, mdogo wangu Masanja, Holo kitinda mimba wetu, na Mbuke, binti wa mnunuzi wa pamba kutoka Kimali.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kufika kwetu Nkololo, kila mmoja na mizani yake. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami nimeacha shule nikashika jembe. Chakula tulipata. Shida ni kwamba kila jua likishuka, wadogo zangu walikimbilia kwa jirani, wakarudi wanasinzia. Shangazi akaanza kusema, "Ndugu tuwagawane tu. Kwani kwako wanakaa?"

Siku tuliyopeleka pamba, tulimkuta Mbuke ameketi juu ya majunia. Amegeuza ungo, amechora njia na mto kwa majivu, maharage ndiyo wasafiri.

"Mwadila," nikamsalimu. "Mchezo gani huo?"

"Wa safari. Kila mtu anachagua yeye ni nani. Mmoja anasimulia yanayowakuta, wengine wanasema watafanya nini." Penye ugumu mchezaji hurusha kokwa za ukwaju zilizopasuliwa; pande nyeupe zikizidi, amefaulu.

"Mimi fisi!" Masanja akadakia.

"Fisi hasafiri na watu, we mjinga," Holo akamwambia.

"Anasafiri, akishiba."

Nikamwomba Mbuke anifundishe vizuri. Akatikisa kichwa: mchezo hulipwa kwa mchezo, huo yeye aliupata kijiji cha Mwamapalala kwa kutoa wake. Nikamtajia michezo yote niliyoijua.

"Hiyo hata bibi yangu anaijua!" Akacheka, kisha akawatazama wadogo zangu, ambao tayari walikuwa wamelala kifudifudi kando ya ungo, macho kwenye maharage. "Haya, chukueni. Utanilipa msimu ujao."

Jioni hiyo nikageuza ungo wetu uani.

"Mto umefurika. Fisi ameshavuka, sisi bado. Fisi, unafanyaje?"

Masanja akafikiri sana. "Namsubiri dada."

"Rusha basi, dada, uvuke!" Holo akapiga kelele.

Shangazi alipopita kutukagua, alisimama, akatazama, akavuta kigoda. "Na mimi niwe nani?" Wadogo zangu wakaacha kukimbilia kwa jirani, na habari ya kugawana ikaishia hapo.

Nilidhani wadogo zangu walifuata ugali wa jirani, ingawa kwetu haukukosekana. Ukubwani ndipo nilipoelewa: tangu msiba, watu wazima walikuwa wakituamulia kila kitu, na hakuna aliyewahi kuwauliza wale wawili, "Unafanyaje?"

Msimu uliofuata baba yake Mbuke alinunulia pamba kwingine. Tangu hapo Masanja ametunga michezo mitatu, mmoja mzuri kweli. Kila nikikutana na mtu wa Kimali mnadani, humuuliza kama anamfahamu Mbuke. Bado sijamlipa.