Siku Walipoingia Mwezini

Mume wangu alipopata kazi Nairobi, yeye na mwana wa jirani, aliniachia redio. Alidhani ameniachia zawadi. Kumbe alikuwa ameniachia kazi ya ukalimani, maana katika boma letu, kule juu ya Suneka, mimi peke yangu nilijua Kiswahili cha kutosha, na baba mkwe alipenda habari kuliko alivyopenda ugali wa wimbi.

Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Basi niliweka redio dirishani, yeye akaketi nje chini ya paa, mgongo ukutani, nami nikabaki ndani. Mtangazaji aliposema jambo, nililirudia kwa Ekegusii, lugha yetu. Hatukutazamana. Haya ya wakwe, tunayoiita chinsoni, ni nene kuliko ukuta wa udongo: kuna maneno ambayo mke wa mwana, mokamwana kwa lugha yetu, hayatamki mbele ya baba mkwe hata nyumba ikiwaka moto.

Asubuhi moja ya mwaka wa sitini na tisa mtangazaji alisoma habari akihema kama mtu aliyepanda mlima. Alisema wanaume wawili wameingia mwezini.

Niliganda. Nilipokuwa bwenini katika shule ya misheni, matroni wetu, mama mmoja wa pwani, alitufundisha kwamba msichana akiingia mwezini amwendee yeye, apewe vitambaa. Maneno hayo sikuyajua kwa maana nyingine. Sasa redio inayatangaza mchana kweupe, tena juu ya wanaume, na mzee anangoja tafsiri! Nilijiziba mdomo kwa leso.

“Mokamwana, amesemaje?”

Nilizidi kuikaza leso mdomoni.

“Nimesikia wanaume wawili. Kiswahili hicho kidogo ninacho. Wawili wamefanya nini?”

Nilitaka kusema sijui. Lakini haya ilinikaba, na kicheko nacho kilinibana, na sauti iliyonitoka haikuwa kicheko wala neno. Yeye aliisikia kuwa kilio. Siku zile mambo ya Nairobi yalikuwa yanatutia hofu, na redio ndiyo iliyotangaza vifo. Wanaume wawili aliowajua yeye huko Nairobi walikuwa mwanawe na yule wa jirani.

Alisimama, hakuniuliza tena. Nilimwona kupitia dirisha akiteremka kwenye shamba la pareto, alikokuwa mama mkwe, bakora ameisahau ukutani. Muda si muda mama mkwe akapiga ukunga huko chini, na ng'ambo ya mto, kwa jirani, wakaitikia.

Nilitoka mbio kuwaambia sivyo. Nani angenisikiliza? Kila niliposema hawajafa, waliniuliza, “Basi redio imesema nini?” na baba mkwe amesimama palepale. Ulimi ulikataa. Wanawake wakasema maskini, akili imemruka, wakanikalisha chini kwa nguvu na kunimwagia maji. Hasira niliyokuwa nayo siku ile hata leo haijanitoka.

Mwalimu wa shule ya karibu alipokuja kutoa pole ndipo alipotueleza kwamba ni mwezi huu wa angani, watu wamepelekwa na chombo wakatembea juu yake. Baadhi ya waliokuja kulia walicheka. Mama mkwe hakucheka.

“Umeniliza juu ya mwanangu aliye hai,” aliniambia.

Kumlilia mtu hai ni kukionyesha kifo njia ya kwake. Ndivyo alivyoamini, na mimi niliamini vivyo hivyo. Neno la mwalimu halikumtosha. Alitaka kumwona mwanawe kwa macho, amguse. Mwalimu mwenyewe akaenda posta Kisii mjini, akapeleka telegramu ya maneno machache: njoo nyumbani upesi.

Hakuna kati yetu aliyejiuliza telegramu ya namna hiyo humwambia nini mtu aliye mbali. Mume wangu alifika akilia tangu barabarani, mtu mzima, akimwita baba yake: tata, tata. Kisha akamwona baba yake amesimama langoni. Sauti ikamkatika.

“Tata,” alisema. “Nani amekufa?”

Baba mkwe alimshika mkono. Tangu niolewe sikuwa nimewahi kuwaona wakishikana mikono. Akampeleka upande wa kulia wa nyumba yetu, wanakozikwa wanaume. Siku ile ya kwanza, watu wakilia, mzee alikuwa amechukua jembe akachimba kaburi peke yake, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipokuja mwalimu, shimo lilikuwa limemfika magotini.

“Sikutaka kulifukia kabla sijakuona,” alisema.

Kwetu kaburi likishafunguliwa halifungwi tupu. Mama mkwe alikata mgomba wa kuzikwa badala ya mwanawe, akauleta begani akiwa amekaza macho chini. Wakaulaza shimoni taratibu, kama unaumwa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya redio, kwa sababu sasa hapakuwa na kosa la mtu yeyote la kusahihisha.

Mume wangu aliutazama ule mgomba kwa muda mrefu. Aliuliza kichwa chake kimelala upande gani. Akachukua jembe mkononi mwa baba yake, akaanza kujifukia.