Mihogo ya Bibi na Mshale wa Joto

Tulipokuwa wadogo pale Magomeni, Mtwara, gari la mtu mmoja lilikuwa la mtaa mzima. Pikapu ya baba iliwapeleka wajawazito hospitali na ikabeba viti vya harusi za watu ambao hata hatukuwajua. Sisi tuliocheza rede na kombolela uchochoroni tuliyatambua magari kwa mlio kabla hayajakata kona. Wadogo zetu wa leo huyatambua kwa picha, tena wakibishana rangi.

Siku za mapumziko tulikwenda kwa bibi mzaa baba, kijiji cha ndani kupita Nanyamba, ambako basi halikufika. Msimu wa mabibo tulirudi na madoa yasiyotoka nguoni, na mama, mwalimu wa shule ya msingi, alinung'unika hadi Jumatatu. Bibi hakuturuhusu kuondoka mikono mitupu. Alichemsha mihogo, akaifunga kwa majani ya mgomba, na baba alikifunga kifurushi hicho kwa waya juu ya injini ili kifike mjini kingali cha moto. Tulikula mihogo yenye harufu ya mbali ya oili, na hakuna aliyelalamika.

Kisha macho ya bibi yakaingia ukungu wa mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuja hospitali ya mkoa kwa siku chache tu, na bibi alipangiwa kupasuliwa siku yao ya mwisho. Jumapili kabla ya hapo, tukitoka kwake, mshale wa geji ya joto ulipanda ghafla hadi kwenye nyekundu. Baba alisimama mara kwa mara kuongeza maji, lakini kila alipofungua rejeta aliikuta imejaa.

Asubuhi ya siku ya kwenda kumchukua bibi, fundi Saidi alikuja kutoka Chikongola. Alisikiliza maelezo, akatikisa kichwa.

"Gasketi hiyo imeungua, kaka. Injini ifunguliwe. Wiki nzima."

"Saidi, mama yangu anapasuliwa kesho," baba alisema. "Madaktari hawa wakiondoka, sijui watarudi lini. Na mtu asiyeona nitampakia bodaboda?"

Mama alikuwa anatoka kwenda shuleni. Alichungulia dirishani mwa gari. Swichi ilikuwa imefunguliwa, injini bado haijawashwa, na mshale umelala kwenye nyekundu.

"Fundi, injini hii imelala usiku kucha. Imechemshwa na nini?"

"Mwalimu, umeshaanza mitihani asubuhi yote hii!" Fundi alicheka, kisha akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya baridi. Kicheko kikakoma.

Alichomoa waya unaotoka kwenye kihisi cha joto, akatueleza huku akifanya: mshale ukishuka, kihisi kimekufa; usiposhuka, waya wenyewe unagusa chuma mahali fulani. Baba alifungua swichi tena. Mshale haukushuka. Fundi aliufuata waya kwa vidole, taratibu, mpaka mahali ambapo mpira wake ulikuwa umekwanguka na shaba kugusa injini. Hapohapo palikuwa na alama za waya mwingine, na kipande cha jani la mgomba kilichokauka.

"Kaka, wewe humu ndani unapika?"

"Mihogo ya mama," baba alijibu, akiangalia pembeni.

Mama alicheka hadi akachelewa kengele ya kwanza. Fundi aliuzungushia waya utepe, akaurudisha, akawasha injini. Mshale ulianzia chini, ukapanda polepole hadi katikati, ukatulia. Waliiacha ingurume muda mrefu, maji hayakupungua, na baba akaondoka kwenda Nanyamba.

Bibi alipasuliwa. Bandeji ilipotolewa alinitazama kwa muda. "Zuhura, kumbe umeshakuwa mrefu hivi!" Alipoelezwa kwamba mihogo yake nusura imnyime jicho, hakuomba radhi. "Basi mtaipakata," alisema. Tangu hapo tuliipakata, ikatuunguza mapaja, na nusu yake haikufika mjini.

Leo gari langu huandika joto la injini kwa tarakimu. Taa nyekundu ikiwaka, mdogo wangu huipiga picha na kuituma kwenye kundi la simu kabla ya kufungua boneti, na majibu ishirini yanayotofautiana humfikia papo hapo. Ofisini kwangu pia nimewaona watu wakihukumiwa kwa dalili moja tu, kama taa ile nyekundu, na kila mara natamani asimame mtu mlangoni aulize swali la mama.

Bibi hayupo tena. Mihogo ninayoinunua njiani nikitoka Nanyamba huiweka kwenye hotpoti, kiti cha nyuma. Hufika ya moto na haimuunguzi mtu.