Hukumu Niliyomsomea Mama

Jana nilipita saluni moja pale mtaa wa Observatory, katika nchi tuliyohamia, harufu ya rasta zilizochovywa maji ya moto ikanisimamisha.

Nilikuwa mtoto, namsomea mama kitabu cha shule huku akisuka nywele za mteja. Kilikuwa cha Kimarekani, mimi nakigeuza Kiswahili. Mtu mweusi alisingiziwa kosa, na kila mtu mahakamani aliona hakulifanya. Wiki ile baba, mlinzi wa duka, alikuwa ndani kwa wizi ambao hakuufanya. Bosi alisema yeye, kwa kuwa ni mgeni nchini, ndiye kaiba.

Mama akaacha kusuka.

"Eish, dada, nitatoka hapa nusu kichwa?" mteja akalalamika.

"Ngoja kwanza. Wamemwachilia, si ndiyo?"

Macho yangu yalikuwa yameshafika chini ya ukurasa. Walimtia hatiani.

"Ndiyo, mama. Amerudi kwa watoto wake."

Mama akapiga vigelegele. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda wa yule mtu, watu wakashangilia, na mimi nikaitikia amina.

Jumatatu, siku ya kesi ya baba, alipiga pasi suruali yake, akaibeba mahakamani, ili baba arudi nyumbani akiwa nadhifu.