Hodi Moja Haitoshi

Telesfori alianza na redio. Kibandani kwake sokoni Kashaulili alizitibu redio zilizoletwa kwa baiskeli kutoka Mishamo, na kompyuta zilipoingia mjini akazifuata, akijifunza kwa kufungua na kufunga. Leo ana miaka arobaini na sita, na wateja humsifu kwa jambo moja: hakuachi na tatizo machoni. Lisipoisha, atalificha vizuri. Huo ndio ugonjwa wake, na nusura umuumbue mchana kweupe.

Ofisi ya mpima ardhi Ponsian ilikuwa na kompyuta ya kuchorea, na katika chumba cha nyuma kulikuwa na seva iliyotunza ramani zote. Kompyuta ikiwashwa, ilipaswa kupiga hodi kwa seva ili folda ya RAMANI ifunguke. Lakini umeme ukikatika na kurudi, vyote viliamka pamoja. Kompyuta ilikuwa na haraka ya kijana. Seva ilikuwa mzee wa kujinyoosha kwanza. Kompyuta ilipiga hodi, haikuitikiwa, ikakwama na skrini nyeusi. Ponsian akawaka. Telesfori akaitwa, akaandika ndani ya kompyuta amri ya mstari mmoja tu: usipoitikiwa, endelea na safari. Makelele yakaisha, na Ponsian akamnunulia soda.

Miezi miwili baadaye, Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, Telesfori alikuwa mbele ya kompyuta hiyohiyo, shati limemganda mgongoni. Ramani ya shamba la mama Esteria wa Misunkumilo ilikuwa haionekani. Saa nne baraza la kata lingekaa kuamua kama kaburi la mumewe liko ndani ya shamba lake au la jirani, na jirani alishatangaza kwamba mvua zikianza atalima hapo. Kupima upya haikuwezekana: Jumatano greda la barabara lilikuwa limepita na kung'oa mawe ya mpaka, na vipimo vya kwenye kifaa Ponsian alikwisha kuvifuta, kama kawaida yake akishachora.

"Niliihifadhi Jumanne asubuhi kwa mkono wangu huu!" Ponsian alifoka. "Ndani ya RAMANI!"

Telesfori alikwisha kuipekua seva mara tatu. Hakuna. Alikumbuka tu kwamba Jumanne mchana aliitwa kwa sababu folda ilikuwa haina ramani za zamani, akaiunganisha na seva kwa mkono, zikarudi zote.

"Basi hii kompyuta imerogwa. Futa yote, fundi, weka upya."

Flashi ya kuwekea mfumo upya ilikuwa tayari kiganjani. Tuseme ukweli: moyo wake ulipata nafuu. Akifuta, hakuna atakayeuliza tena. Aliichomeka.

"Hodi! Hodi hapa! Hodi jamani!"

"Karibu, mama," akaitika Recho, karani wa mapokezi.

Esteria aliingia na khanga yake ya msibani, uso umekaza. "Afadhali sasa nimeitikiwa. Asubuhi nilipiga hodi tatu, nyie kimya, mlango uko wazi. Nikaacha bahasha yangu ya malipo hapo mezani, nikapita sokoni. Iko wapi?"

"Mama, mi sijaona bahasha. Nilikuwa nimefuata maji, nikarudi, nikatandika kitambaa haraka haraka."

Esteria alikamata pembe ya kitambaa cha meza, akakiinua. Bahasha ilikuwa chini yake, imetulia.

"Hujaiiba, mwanangu. Umeifunika tu."

Telesfori aliinua kidole kutoka kwenye kibodi. Jumanne umeme ulikuwa umekatika alfajiri. Kompyuta ilipiga hodi moja, haikuitikiwa, ikaendelea na safari kama alivyoifundisha mwenyewe. RAMANI iliyofunguka ilikuwa folda tupu ya kompyuta, yenye jina lilelile, na Ponsian akaweka ramani humo. Mchana yeye Telesfori akaja na kutandika folda ya seva juu yake. Na sasa alibakiza kitufe kimoja aifute ramani hiyo milele. Akaing'oa flashi kama aliyeshika kaa la moto.

Akaiamuru kompyuta iachane na seva. Ikakataa: folda inatumika.

"Bosi, funga programu zako za kuchorea. Zote!"

Akajaribu tena. Ramani mia tisa zikatoweka kwenye skrini mara moja, Ponsian akapiga yowe. Ikabaki moja peke yake: *Esteria Misunkumilo*.

"Si uchawi, bosi," Telesfori alisema. "Ni mimi. Niliifundisha ipite bila kuitikiwa, ili usinigombeze. Leo naibadilisha: itapiga hodi mpaka seva iitike. Na hiyo folda tupu naifunga, isipokee kitu cha mtu."

Ponsian aliifungua ramani, akaagiza ichapwe, kisha akageuka kumtukana. Printa ikamwahi.

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Esteria aliichukua karatasi ikiwa bado ya moto, akaigeuza huku na huku.

"Baba Audace yuko wapi hapa?"

Ponsian alimwonyesha msalaba mdogo wa kaburi, hatua nne ndani ya mstari wa mpaka.

Esteria akaweka kidole juu yake. "Hodi, baba Audace," alisema taratibu. Akasubiri, kidole kikiwa palepale. Kisha akaikunja ramani, akaibana kifuani na kutoka kuelekea kwenye pikipiki iliyomsubiri nje impeleke barazani.